Miguu ya Kondo Haitaki Kukaa

Pale Kibiti, njia ya Nyamisati inapoiacha lami, kuna benchi la boriti za mikoko ambalo kila asubuhi hubeba uzito wa watu wanne na maneno ya watu arobaini. Mwenye benchi ni mzee Haruna, ila jina hilo hulitumia kwenye kadi ya kura tu. Kijiweni anaitwa Pantoni, kwa sababu alifunga na kufungua kamba za kivuko cha Ndundu mpaka daraja lilipomstaafisha, na hadi leo hajalisamehe. Kulia kwake hukaa Ukasha, aitwaye Dokta, aliyefanya kazi hospitali miaka tisa na hakosi kuitaja miaka hiyo kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Kushoto hukaa Saidy Mjini wa bodaboda, aliyeishi Dar miezi saba akarudi na lafudhi ya miaka saba. Wa nne ni Kondo, mkulima wa mpunga, ingawa asubuhi ile nafasi yake ilikuwa wazi. Alikuwa wima mbele ya wenzake, anakwenda hatua nne, anarudi hatua nne, na kikombe kinamtetemeka mkononi.

— Kaa basi, Kondo, — alisema Pantoni. — Unatutia kizunguzungu.

— Nimekaa sana nyumbani.

— Nyumbani unatembea vilevile. Mkeo kanambia.

Kondo akakaa. Goti likaanza kucheza, kisha la pili, na kabla muuza kahawa hajamaliza kumjazia Saidy, Kondo alikuwa amesimama tena. Hakuwa na pa kwenda. Miguu ndiyo iliyotaka, kama vile siafu wamemwingia mifupani. Ijumaa iliyopita alishindwa kuketi mpaka hotuba iishe. Alitoka msikitini akalia nyuma ya birika la kutawadhia, mtu mzima na kanzu yake.

Kisa chake wote pale walikijua. Mwaka jana, mpunga ukiwa umeshavunwa, Kondo alipanda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, akakaa humo siku kumi na moja akipiga debe kuwafukuza watu aliowasikia yeye peke yake. Mkewe Mwanaidi alipompelekea uji, alimtupia mawe ya kombeo. Hawahawa watatu wa benchini ndio waliomshusha na kumpeleka hospitali, akapewa vidonge, na sauti zikanyamaza. Akarudi shambani, akarudi kumtania mkewe. Basi miguu nayo ikaanza vituko vyake. Asubuhi ile hakumeza. Paketi ilikuwa mfukoni mwa shati na alishakata shauri: akirudi nyumbani anaitumbukiza chooni. Hilo ndilo wenzake hawakulijua.

— Mimi najua tatizo, — alisema Saidy. — Dawa hizi zimetengenezwa kwa watu wa baridi, mzee. Zikifika Rufiji zinachemka. Zikichemka zinashuka miguuni.

— Kitu kikichemka kinapanda, — alisema Pantoni.

— Hicho ni chai. Dawa ni nzito.

Pantoni hakukubali. Kwake yeye kosa lilikuwa la daraja, kama makosa yote. Enzi za kivuko, alisema, mtu alingoja saa tatu, saa nne, na miguu ya watu ilijua kutulia. Sasa kila mtu anapita tu. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alimalizia.

— Kondo kavunjika guu? — aliuliza Saidy.

— Bado. Si unaona ndiyo linaanza?

Dokta alikohoa, na ilibidi wote wanyamaze, maana miaka tisa si mchezo. Akaeleza kwamba ugonjwa ulikuwa kichwani, dawa ikaufukuza, ugonjwa ukakimbilia miguuni, na dawa nayo, kwa kuwa haijui kukata tamaa, imeufuata hukohuko. Siku yoyote ungetokea vidoleni.

— Vaa kandambili, Kondo, — alimshauri. — Usiuzibie njia. Mkataa pema pabaya panamwita.

Saidy akasema basi ameze huku kasimama kichwa chini, dawa ikose njia ya kushukia. Pantoni akasema wampakie mtumbwini pale Ndundu wamvushe kutwa, akienda na kurudi, mpaka miguu ichoke kusubiri. Kondo alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hilo ndilo lililomrudisha kijiweni kila siku: hawa walimcheka usoni. Huko kwingine watu walimwonea huruma kwa mbali, wakawaita watoto ndani.

Kicheko kilipokwisha akasema taratibu:

— Mimi naziacha.

Pantoni aliweka kikombe chini. Alikumbuka lile debe.

— Kuacha usiache, — alisema.

— Kwani si kashapona? — aliuliza Saidy. — Mtu akipona malaria anaendelea kunywa dawa? Acha tu, bro.

 Dokta alikuna kidevu. Kondo aliona ndivyo hasa alivyofikiri kitandani usiku kucha, na kulisikia kutoka kwa mtu mwingine kulimpa moyo, moyo mbaya.

Kando ya muuza kahawa alikuwa amesimama mwanamke wa kule visiwani, kwenye delta ya Rufiji, kaweka tenga la kaa miguuni, anangoja gari la Dar. Alikuwa amesikiliza muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

— Shikamoo mzee. Samahani, kaka zangu, — alisema. — Mimi Mwanamina. Mdogo wangu Twalha anameza dawa za namna hiyo. Hizo zako, kaka, unamezaje?

— Zote daku.

— Daku? Si tumeshakula Idi?

Kondo akaeleza. Aliandikiwa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ramadhani ilipoingia akaambiwa avikusanye, avimeze pamoja daku, funga isiharibike. Mwezi ukaisha, mazoea yakabaki. Sasa huviamkia alfajiri.

— Na kile kidogo cheupe? Twalha alipewa, cha kuzuia kutetemeka na kukakamaa.

— Niliambiwa hicho cha ziada. Nikakiacha.

— Aliyekuandikia ndiye aliyekwambia hivyo?

Swali lilikuwa jepesi, na benchi zima likalemewa. Saidy alianza kukagua tairi lake. Pantoni alimtazama Dokta. Dokta alitazama ndani ya kikombe, ambamo hamkuwa na kitu ila machicha.

Mwanamina aliendelea. Alisema Twalha naye miguu ilimsumbua vilevile, akaziacha mwenyewe, kimya kimya. Wiki ya pili alichoma nyavu za baba yao kwa kuwa zilikuwa zinamsema.

— Tukamrudisha hospitali. Daktari akamwambia, hiyo miguu ni dawa, na ungekuja kusema tungekusaidia. Wakampunguzia kidogo. Ikatulia.

— Inatulia? — aliuliza Kondo.

— Leo anashona wavu wa jarife kutwa, kakaa kitako.

Kondo alishika kiegemeo cha benchi. Tangu Ramadhani alidhani ametakiwa achague, kichwa ama miguu, na hakuna aliyemwambia kwamba hata hilo linaulizwa. Machozi yakamlenga na hakuyaficha. Gari la Dar likapiga honi. Mwanamina akajitwika tenga lake, akawaaga, akaenda.

Vumbi la gari likatulia.

— Mimi ndiye niliyesema, — alisema Dokta. — Ya daku. Na ya kile cheupe.

— Najua, — alisema Kondo. — Nilikuwepo.

— Hospitali nilikuwa getini, Kondo. Miaka yote tisa. Ndani sikuingia ila siku nilizoumwa.

Kibiti nzima ililijua hilo, ila lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Saidy, ambaye kwa kawaida angecheka mpaka adondoke, aliinamisha uso.

— Paketi unayo? — aliuliza Dokta.

Kondo akaitoa mfukoni. — Nilitaka kuitupa.

— Usitupe, waione kule hospitali. Na leo hujameza, hilo utalisema mwenyewe. Twende, wapo mpaka mchana. Naingia na wewe hadi ndani. Wakiuliza nani kasema uchanganye, nitasema mimi.

Saidy akawasha pikipiki, akawaambia wapande wote wawili, nauli hataki. Kondo akakataa.

— Tutatembea. Si unaona miguu imeshatangulia?

Walikwisha kufika ukingoni mwa lami Pantoni alipowaita.

— Dokta. Na wakikuuliza ulisomea wapi?

— Getini, — alijibu Ukasha, akamshika Kondo mkono wakavuka barabara.