Aproni Kumi na Moja za Sadirkul Omurov (1946–2021)

Marehemu Sadirkul Omurov alizaliwa tarehe 14 Mei 1946, ndani ya hema, kwenye malisho ya juu ya At-Bashi. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alilazwa juu ya sufu kabla hajalazwa kifuani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Omur. Wa pili, Tologon, alifuata miaka minne baadaye. Wasifu huu unasomwa nje ya hema, kabla mwili haujaondoka, ili wanawake nao, ambao makaburini hawaendi, wausikie. Aliagiza mwenyewe iwe hivyo.

Alisoma miaka minane kijijini, kisha mwaka 1964 akaenda mjini Frunze kujifunza ufugaji. Huko alifundishwa kuwapandisha kondoo wetu wa mkia wa mafuta kwa madume ya sufu laini, ili zizi moja litoe nyama nzuri na uzi mzuri. Marehemu hakuchagua dume kwa ukubwa wa pembe. Alipapasa mgongo, akapima kifua, akafunua midomo kuona meno. Mchumba wa binti yake Aichurok alipokuja kujitambulisha mwaka 1994, marehemu alimshika mabega, akamgeuza na kusema, "Kifua kipo. Hebu fungua mdomo, mwanangu." Kijana wa watu akafungua. Yupo hapa leo, na meno yake bado mazima.

Alimwoa Kanimbubu mwaka 1969, wakajaliwa watoto watatu. Kanimbubu alitangulia mwaka 2010.

Tangu 1970 marehemu alikuwa msimamizi wa mifugo wa shamba la ushirika, naye Tologon alichunga kundi la kondoo majike mia sita. Kila Agosti Tologon aliwafunga madume aproni za sufu nzito chini ya tumbo, wasije wakapanda kabla ya wakati. Aproni hufunguliwa katikati ya Novemba. Jike hubeba miezi mitano, akazaa Aprili, majani yakichipua. Mwaka 1984 wana-kondoo walianza kuzaliwa tarehe 5 Machi, na kesho yake ikaja dhoruba ya theluji. Tologon alitoka kuwakusanya majike waliokuwa wakizalia mlimani. Alipatikana siku iliyofuata, amekufa, na wana-kondoo wawili ndani ya koti lake. Mmoja alikuwa hai.

Wakubwa wa shamba walipouliza kwa nini majike walizaa mapema, Sadirkul alijibu, "Aproni alizifunga marehemu mdogo wangu." Ni kweli alizifunga. Waliosikia wakaelewa kwamba fundo lililegea, naye akawaacha waelewe hivyo. Tangu hapo Kubat, mtoto wa Tologon, hakupita njiani kwa amani. "We Kubat, kaza kamba ya suruali, usije ukaua mtu!" Waliosema hivyo wengine wamekaa hapa, na wanajijua. Kubat alihama kijiji akiwa na miaka kumi na saba.

Kwa miaka thelathini na saba, kila Machi, marehemu aliweza kuweka bakuli la chai chini mchana kweupe na kuuliza, "Nani kawaacha wana-kondoo nje? Hamsikii wanavyolia?" Zizi likiwa tupu. Kanimbubu, alipokuwa hai, alimjibu kila mara, "Wamo wote, baba. Kunywa chai." Nyama ya mwana-kondoo hakuionja tena. Tangu hapo aproni za madume alizifunga yeye mwenyewe, mafundo matatu kila moja, kisha akarudi kuyashika tena, na tena. Familia ilimsifu kwa bidii. Inatuuma leo kwamba hatukumuuliza alichokuwa akikiogopa.

Aliugua mapafu tangu Aprili mwaka huu, akalazwa Naryn, na Oktoba akarudishwa nyumbani. Tarehe 7 Novemba aliomba aitiwe Burulcha, mjane wa Tologon.

"Shemeji," alisema, "aproni nilizifungua mimi. Wiki ya kwanza ya Oktoba, mwaka 1983. Nilitaka wana-kondoo wazaliwe mapema, wawe wazito siku ya mashindano. Zawadi ilikuwa pikipiki."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilizikuta ghalani kwako, zote kumi na moja, zimekunjwa vizuri. Aproni iliyolegea hukanyagwa zizini ikaoza kwa mavi. Haijikunji yenyewe, shemeji."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema mjane anatafuta wa kumlaumu. Nikakungoja wewe. Nimengoja mpaka nimezeeka."

"Nisamehe."

"Usianze na mimi. Waambie waliomcheka mwanangu."

"Sina pumzi ya kuwafikia."

"Basi watakuja wenyewe kukuzika. Mwambie mtu ayaandike, wasomewe siku hiyo."

Akamwambia mwanawe Ermek ayaandike siku ile ile. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Novemba 2021, saa nne asubuhi, wiki ambayo madume hufunguliwa. Aproni za mwaka huu bado zimefungwa. Hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Ameacha watoto watatu, Ermek, Aichurok na Samara, wajukuu tisa, shemeji yake Burulcha, na mtoto wa ndugu yake, Kubat, ambaye yuko mbali na anasikiliza sasa hivi kwenye simu iliyo mkononi mwa mama yake.

Kubat, mafundo ya baba yako yalikuwa imara. Kijiji kizima kimesikia. Tologon apumzike kwa amani, yeye kwanza. Naye Sadirkul, wewe na mama yako mkiridhia, apumzike baada yake.