Malkia wa Kisimani

Ndani ya basi la kuzunguka kisiwa, mgeni aliyekaa mbele yangu alimsomea mzee wa pembeni yake kijitabu cha watalii: “Malkia alijitupa katika kisima hiki.”

Mzee akaguna. “Malkia gani? Nilimtunga mimi, nilipoanza kutembeza wageni.”

Mimi nilimlilia malkia huyo tulipofundishwa kisa chake darasa la nne.

“Kwani ukweli ni upi, mzee wangu?” mgeni akauliza.

“Kisima walikichimba watumwa. Mjukuu wangu kaandika hivyo kwenye mtihani, kapewa sifuri.”

“Si useme, basi!”

“Nimesema, mwanangu, mpaka nimechoka. Wanasema uzee umenipanda kichwani.”

Basi likasimama kisimani. Mzee akavaa kitambulisho chake, akatangulia kushuka. “Karibuni, wageni wetu,” akaita. “Hapa ndipo alipojitupa malkia.”