Maua Yenye Ilivuka Kijito

Sikieni, batoto bangu. Mwambieni ule mama mwenye kulia ku mulango angoye. Mie sijafa bado, nikifa nitamuita mwenyewe. Floribert, mukubwa wangu, sogea. Delphine, kaa fasi nakuona.

Kule kwetu, pembeni ya Kambove, kuko mushitu, ule pori ya giza yenye inachunga kijito yetu. Ku kilima yake kunaota maua ya buluu, na ile maua inapenda udongo yenye kuwa na mukuba, ile shaba. Bankambo betu, bafuzi ba mukuba, balijua, njo maana balikataza: ua isivuke kijito. Ukitoka kule unapanguza miguu, mwanamuke anakunguta kikwembe, hata mbuzi inachunguliwa mukia. Mulikuwa munacheka: «Baba, mbuzi iko na siri gani?» Mie pia nilicheka, lakini mukia nilichungulia.

Halafu ndoa ya Delphine. Floribert, kwa mapendo ya dada yako ulijaza kitunga na ile maua, ukaivusha kijito, ukapamba kanisa nzima hapa muji ya Élisabethville. Patron wako, muzungu wa kupima udongo, alikuya kusalimia bibi-arusi. Hakumuona bibi-arusi, aliona maua. «Inatoka wapi?» Na wewe, mutoto wa adabu: «Kwetu, patron.» Banasema mwenye kuuliza njia hapotei. Kweli, hakupotea.

Leo masini inatoboa kilima, miti ya mushitu inalala chini kama balevi, na bendera nyekundu ya bapimaji imesimama karibu na kaburi ya mama yenu Mwape. Banasema kijiji itahama kwa muda. Kwa muda! Hata mie nakufa kwa muda.

Basi shikeni. Nyumba hii ni ya Delphine. Musigombane juu ya manjanja, ile mabati ya paa. Floribert, acha ile kazi: huwezi kulilia kaburi na macho, ukiichimba na mikono. Bakileta karatasi ya kuhama, ketini chini. Mwenye kuketi ni muzito kuliko mwenye kusimama. Na ile maua kavu yenye Delphine alitundika karibu na picha ya Bikira, iwekeni mu mikono yangu, munizike kule, ngambo ya kijito. Chenye kilivuka kirudi. Nitakibeba mie.

Pumzi... inakwisha. Leteni mayi nibabariki, ile Floribert alichota jana ku kijito yetu...

Eh. Mbona iko nyekundu, sawa udongo ya ile kilima?

...Acha, Delphine. Usiimwange. Inameni bichwa, mukaribie... nitabapulizia hii tu, na kinywa. Njo mayi yenye tuko nayo.