Mifuko Kumi na Miwili ya Mama Herman

Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, mifuko kumi na miwili ya kaki yenye majani makavu ilipotea stoo kwetu. Naanza na hilo kwa sababu mwenye mifuko, Bi. Paskalia Mbuke, yaani Mama Herman, anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka 32 katika ofisi yetu ya maji, nami nimepewa kazi ya kuandika habari zake za furaha. Nitajaribu.

Kila mwezi alishuka kwenye kijito cha Mwanhembo, akalaza fremu ya chuma chini ya maji na kuzoa kila kilichokuwemo: majani, vijiti, magome ya miti, mbegu. Akakausha, akapima, akaandika, akahifadhi kwenye mfuko wa mwezi huo. Miezi 384; alikosa tisa tu, ya uzazi wa watoto watatu. Kwake tulijifunza kwamba kiangazi majani hupukutika na kulala chini, Oktoba yakafika gramu 380 kwa fremu. Mvua zikishika, Desemba hubaki 40.

Mizani ya ofisi ilipokufa, alikwenda Kahama kuomba ya wanunuzi wa dhahabu. Wachimbaji kwenye foleni wakamwandama, wakimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, majani leo gramu shilingi ngapi?" Akawajibu kwamba yake, angalau, hayahitaji zebaki. Wakacheka, wakampisha mbele.

Mimi alinikuta mfagizi niliyeishia darasa la saba, akanifundisha. Leo nasoma mizani hadi desimali ya pili.

Msimu huu ndio umenichanganya. Oktoba ilitoa gramu 95, Februari 310. Kijito kimegeuka, au? Makao makuu wakasema mama kazeeka, kasoma vibaya; mifuko ya miezi kumi na miwili ya mwisho ipimwe upya, ndipo jina lake liingie kwenye ripoti. Nikaenda stoo, nikakuta viti vya sherehe yake mahali pa mifuko. Ndugu Bartholomeo, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, anasema aliagiza pafagiwe tu. Wiliam mlinzi anasema aliambiwa atoe takataka, akaiweka mifuko nyuma ya tangi. Nyuma ya tangi hakuna kitu, hata jivu. Jalalani nimekwenda mara mbili.

Mama Herman, ahsante kwa miezi 375. Ukapumzike salama shambani Ushirombo, na mpunga ukukubali.

Ndugu Bartholomeo, mifuko iko wapi? Nataka jibu moja kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa tarehe 27. Saa tano siku hiyo mama anaingia ukumbini kwenye sherehe yake, na atakachoniuliza kwanza si keki.