Kiguu na Njia Aliyeimba Jangwa

Marehemu, ambaye wote tulimwita Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kambi ya wafugaji wa ngamia, ukingoni mwa jangwa, mahema yakifungwa. Mama yake alijifungua, akavuta pumzi kidogo, wakahama. Tangu hapo hakutulia.

Shule aliionja mwaka mmoja tu. Mwalimu alimrudisha kwa sababu hakuweza kukariri akiwa ameketi. Kaka yake, aliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti ya dukani, alimwandikia herufi mchangani. Upepo ukazifuta, naye akacheka: "Afadhali, kaka. Zilikuwa zimekaa sana."

Kazi yake ilikuwa kutunga na kuimba. Kila wimbo ulikuwa njia ya kutoka kisima hadi kisima: mchanga mwekundu, mawe meusi, bonde la chumvi, kila kitu kwa zamu yake, kwa mwendo wa hatua. Misafara ilimfuata. Kisha ikaja lami, yakaja malori, na siku hizi watu wanavuka jangwa wamelala, midomo wazi. Mwaka 1994 fundi wa studio alimwita arekodi, naye akawa anaimba huku akiizunguka meza ya maikrofoni.

"Mama, simama hapo hapo, sauti inapotea!"

"Nikisimama, mwanangu, na wimbo umesimama."

Hakikurekodiwa kitu.

Mwaka 1975 aliolewa na seremala, mtu wa kukaa. "Nimetengenezea mji mzima vitanda," alilalamika hayati mumewe, "mke wangu analala njiani!" Walijaliwa binti mmoja, mshonaji, aliyelelewa na baba. Alikataa kujifunza hata ubeti. "Nyimbo hizo ndizo zilizoninyang'anya mama," alisema.

Mwaka jana kisukari kilimkata mguu. Kitandani hospitalini alinyamaza kabisa, na wimbo wa bonde la chumvi hakuna mwingine aliyeujua. Ndipo binti akambeba mgongoni, akaanza kutembea ndani ya wodi.

"Polepole, hapo pana mchanga."

"Mama, hii ni sakafu!"

"Tembea, wewe."

Muuguzi alifoka, wakaendelea. Walifanya hivyo kila mchana, mama akiimba na binti akiufuatisha, mpaka wimbo ukaisha. Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu, asubuhi, nyumbani kwa bintiye.

Ameacha binti, wajukuu watatu, kaka mmoja mzee, na wimbo mmoja. Nyingine ameondoka nazo.

Gari la kubeba jeneza tumelirudisha. Tutambeba kwa miguu hadi kaburini, kando ya kisima cha zamani, binti yake akitangulia na wimbo. Tafadhali, mtu yeyote asimpite binti.

Apumzike kwa amani, Kiguu na Njia, kama ataweza kutulia.