Magige na Uzee wa Kununua

Mimi naitwa Mama Akinyi, na benchi lililo hapa njia panda ya Matongo ni langu, ingawa wanaolikalia wamelifanya wizara. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, jiko la mkaa pembeni, na birika langu la kahawa juu ya jiko. Magari ya mgodi yakipita yanatumwagia vumbi, nasi tunalinywa pamoja na kahawa bila kulalamika, maana wateja wangu wanasema lina dhahabu ndani. Mwaka huo maduara ya Nyakunguru, yale mashimo ya wachimbaji, yalikuwa yametema dhahabu, na mtu aliyelala na njaa mwezi uliopita sasa unamkuta na miwani ya jua saa moja asubuhi. Wateja wangu watatu wa kudumu hawakuokota hata punje. Wao walikuwa washauri wa waliookota.

Wa kwanza ni Nashoni, tunamwita Waziri wa Madini, kwa sababu anajua dhahabu yote ya Tarime ilipo, kasoro namna ya kuitoa. Wa pili ni Simon, jina lake Karasha. Amesimamia karasha, mashine ya kusaga mawe, mpaka masikio yakachoka, kwa hiyo anaongea nawe kama uko ng'ambo ya mto Mara. Wa tatu ni Obura, Mjaluo mwenzangu, tunamwita Mpaka: mama yake yuko Migori, mke wake yuko Sirari, na kila kitu kizuri duniani, ukimsikiliza yeye, kiko upande wa mama yake.

Sasa, aliyeokota ni Magige, mtoto wa marehemu Machage. Kijana mpole, hana maneno. Anampenda Rhobi, binti wa mzee Mseti wa kule Nyansurura, na Rhobi anampenda. Ng'ombe wapo. Kilichobaki ni kwenda ukweni kuongea. Mzee Mseti na marehemu Machage walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, walizunguka minada yote ya ng'ombe wakiwa wamepanda pikipiki moja. Basi mzee akatuma neno kupitia dada yake Magige, Boke: ng'ombe tutaongea hatutashindwana, ila siku hiyo nataka kijana aje kwangu kama baba yake alivyokuwa akija. Kama hawezi, asije.

Neno zito namna hiyo Magige angeweza kulipeleka kwa mjomba wake, au kwa mchungaji, au hata kulala nalo tu. Yeye akalileta kwenye benchi langu.

Magige: Baba alikuwa anaenda na ile pikipiki yake ya zamani. Ile iko kwenye banda la kuku.

Waziri: Ile siyo pikipiki tena, mura. Ile ni kiota.

Karasha: Haina hata kabureta. Nimeona kwa macho yangu kuku anapitisha shingo pale kwenye tundu.

Magige: Labda fundi akiitazama.

Waziri: Mtu duara lake limetema, halafu aende ukweni na chuma kilichotagiwa mayai? Watasema dhahabu yenyewe ilikuwa ya uongo. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Maana yake ukishapata dhahabu unanunua ya kale. Lakini mpya.

Obura: Hizo ziko Migori. Zinatengenezwa sasa hivi, lakini zina sura ya zamani. Taa ya duara, tangi ya mviringo, magurudumu ya spoku. Hiyo kitu ukiiona kwa mbali unaiamkia.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Magige hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa maandiko.

Pikipiki ikaja ndani ya nailoni, nyekundu ya kuiva, injini yake mpya kabisa na umbo la wakati wa babu zetu. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mtu mwenye akili angetoa nailoni, akaweka mafuta, akaenda zake Nyansurura. Ila hapa Matongo hatuna haraka ya kumaliza jambo wakati benchi halijashiba. Kwanza likatokea swali la mahali pa kuilaza, maana wezi nao walikuwa wamesikia habari za Nyakunguru. Benchi likapitisha kwamba banda la kuku ndilo lenye mlango imara, kwa hiyo chuma kilichomo kitoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na lori lake siku hiyohiyo, akabeba.

Mimi nikawatania tu, nikawaambia wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Karasha: Nani katupa, Mama Akinyi? Tumeuza kwa kilo.

Magige alikuwa amesimama kando ya lori. Alipanda, akafuta mavi ya kuku kwenye siti kwa kiganja chake, akamwomba mwenye lori asubiri kidogo. Waziri akamwuliza kwa sauti kama anataka kuifanyia na mazishi. Watu wakacheka, Magige akashuka, lori likaondoka kuelekea Mwanza, ambako nasikia vyuma vyote vya namna hiyo vinayeyushwa kuwa nondo. Nilimhurumia yule kijana, na bado nikawamiminia kahawa waliomcheka.

Baada ya hapo kazi ikaanza. Kila jioni ile pikipiki ililetwa mbele ya benchi kama mshtakiwa. Waziri alianza na madigadi. Akasema pikipiki ya Machage haikuwa nayo, kwa hiyo yang'olewe. Kweli haikuwa nayo, yalidondoka kwa kuoza. Yakang'olewa, na mvua ya kwanza iliponyesha Magige alifika hapa na mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Waziri akasema huo ndio mwonekano wenyewe. Kisha zikaondoka saiti mira, kwa hoja kwamba mkwe anayetazama nyuma anaonekana ana madeni. Obura naye akawa haishi safari. Alileta usukani mpana kama pembe za dume la Kisukuma, akaleta siti ya ngozi ya kahawia, akaleta bomba la moshi lililoviringishwa kitambaa cheupe kutoka juu mpaka chini. Nikamwuliza kama limevunjika mguu.

Obura: Nyaminwa, dada yangu, hiyo ndiyo fashoni. Huko Migori kila mtu amefunga.

Magige: Mbona linapiga kelele hivi?

Karasha: Kelele gani? Mimi sisikii kitu. Hapo bado.

Waziri: Sikiliza nikufundishe, mura. Mlio ndio mahari yenyewe. Mkwe akikusikia ukiwa bado kilima cha kwanza, anajua huyu ni mwanaume. Akikusikia kilima cha pili, anaanza kupunguza ng'ombe.

Karasha: Na akikusikia ukiwa bado huku Matongo?

Waziri: Anaongeza binti mwingine.

Magige akauliza kama Rhobi mwenyewe atakaa wapi, maana siti ilikuwa ya mtu mmoja. Waziri akamjibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuna aliyeelewa, lakini ilisemwa kwa uhakika sana, hivyo tukaendelea.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la bonde. Karasha alikumbuka kwamba tangi la pikipiki ya Machage lilikuwa limebonyea. Wote wakakumbuka. Bila bonde, wakasema, mzee Mseti atajua hii ni ya dukani. Tatizo lilikuwa moja: bonde lilikuwa upande gani? Waziri akasema kulia. Obura akasema kushoto, alikumbuka kwa sababu aliwahi kuweka kikombe chake cha chai humo. Ingekuwa rahisi kwenda bandani kutazama, kama kungekuwa na kitu bandani. Walibishana mpaka mkaa ukazima. Mwisho Karasha akachukua nyundo ya kuvunjia mwamba, akapiga kulia, kisha kwa ajili ya amani akapiga na kushoto.

Magige alifumba macho mara zote mbili. Tangi lile jekundu lilikuwa halijamaliza hata mwezi.

Rangi ikapasuka, na kwa kuwa ilikuwa imepasuka, Waziri akaona tuipake tope la marudio, lile linalobaki mialoni watu wakishaosha mawe yaliyosagwa na kukamata dhahabu. Litaifanya iwe ya kijivu, akasema, na likibahatisha litakuwa na punje mbili tatu, mkwe akiikwangua anajilipa mwenyewe. Ikapakwa. Sasa ilikuwa inafanana na kitu kilichookolewa kwenye mafuriko.

Karasha: Bado kitu kimoja. Harufu.

Obura: Harufu ya nini?

Karasha: Ya kuku. Ile ya Machage imelaliwa na kuku miaka yote. Tuwarudishe kuku, walale juu yake mpaka Ijumaa. Jumamosi, siku ya ukweni, kijana anaenda nayo imekamilika.

Waziri: Hapo umeongea kama mtu aliyesoma.

Nami naapa, walikuwa wameanza kujadili kama ni kuku wa kienyeji au wa kisasa, wakati bodaboda ilipofunga breki mbele ya benchi na kumshusha mzee mrefu, koti refu, gambuti, mfuko wa kitambaa begani. Magige alimtambua kabla yetu. Akaruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limeshika moto, akasimama mbali, kichwa chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe wake. Ndipo tukajua kwamba huyo ndiye mzee Mseti.

Tukamwamkia shikamoo wote, hata Karasha, na mzee akaitikia moja moja bila kuruka mtu. Akasema anapita kwenda msibani Nyakunguru, akaona asisubiri Jumamosi. Waziri alisimama upesi kumpisha, na kwa kuwa hakuna ukimya asioweza kuuharibu, akaonyesha pikipiki kwa mkono wote.

Waziri: Mzee, umeikuta yenyewe. Kijana atakuja kwako kama Machage alivyokuwa akija.

Mzee Mseti akaizunguka polepole. Akaugusa usukani. Akakitazama kitambaa cha bomba. Kidole chake kikakwangua tope la marudio, akakinusa. Akafika kwenye tangi, akaweka kiganja kwenye bonde la kulia, akazunguka, akaweka kiganja kwenye bonde la kushoto.

— Ya Machage ilikuwa na bonde moja, akasema. Dume langu ndilo liliipiga teke, hapa kushoto. Tulicheka siku nzima.

Obura akamtazama Waziri kwa ushindi, kisha akakumbuka tulipo, akainamisha uso.

Mzee akaketi. Akatoa kwenye mfuko kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kanga, akakifungua juu ya magoti yake. Ilikuwa kabureta, ya zamani kweli, imesuguliwa mpaka inang'aa, ina harufu ya mafuta ya taa. Akatuambia kwamba Machage alimwachia ampelekee fundi wa Mugumu, halafu akaugua, akafa, na pikipiki ikabaki bandani bila kabureta. Fundi aliitengeneza. Tangu hapo mzee amekuwa akiitoa na kuifuta ili isishike kutu. Mke wake alimwambia ampe Boke ailete, yeye akakataa, kitu cha rafiki yako hukipitishi mkono wa mtu mwingine.

— Nilitaka mtoto wake aifunge kwa mkono wake mwenyewe, akasema. Fundi aliniambia ikifungwa hii tu, inawaka. Halafu aje nayo nyumbani, niusikie ule mlio tena. Ng'ombe hata nisingewahesabu.

Akamtazama Magige pale alipokuwa amesimama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

— Hii yenu ni nzuri, mwanangu. Ila ile ya baba yako iko wapi?

Magari mawili ya mgodi yakapita, vumbi likatua kwenye vikombe, na hakuna aliyelipuliza. Magige akakitazama kiganja chake, kilekile alichofutia siti siku ya lori. Obura, mwenye jibu la kila kitu kutoka ng'ambo, alikuwa anaichunguza barabara ya Sirari. Karasha akasema kwamba iko safarini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ya chini, mzee hakumsikia, na hakuna aliyerudia.

Mzee alikuwa bado anasubiri, kabureta juu ya magoti. Waziri wa Madini akakohoa, akanisogezea kikombe chake.

— Mama Akinyi, hebu tuongezee kahawa.

Birika lilikuwa limejaa, nilikuwa nimetoka kulijaza.

— Imeisha, nikamwambia, na nikammiminia mzee Mseti.