Kule Ephraïm na Ua Lililokatwa Katikati

Sogeeni karibu, jamani, ninyi mliosimama kwenye migomba njooni chini ya turubai, nafasi bado iko, vijana wa pikipiki zimeni hizo mashine, wamama wa jikoni acheni sufuria kidogo, na watoto wakae hapa mbele nitakapowaona, maana naomba kimya. Mimi ni Anastasie, mukaka wa marehemu, yaani bibi yake mzaa baba, familia imenipa mimi neno, na karatasi hii ameiandika mkwe wetu Blandine, mimi nikisema yeye akiandika, kwa hiyo mkiona nimeishika bila kugeuza ukurasa msinicheke, maneno yote yamo kichwani. Nimelia tangu Alhamisi, lakini leo nina habari, na habari yenyewe inaniwasha ulimi, ila historia ya mtu ina njia yake, tutaanza na kuzaliwa.

Kule Ephraïm alizaliwa tarehe 9 Machi 1988 mjini Butembo, mtoto wa Kataliko, mwanangu huyu mwenye koti jeusi, na wa marehemu Masika, akiwa mvulana wao wa nne, na kwetu mnajua, mvulana wa nne ni Kule, hakuna kuuliza, ndiyo maana ukiita "Kule!" katikati ya soko la Mpondwe utashangaa shingo zinavyogeuka. Vita ilipotufukuza tulivuka mpaka tukaingia Uganda tarehe 20 Novemba 1996, mama yake akafariki mwaka uliofuata, nikamlea mimi hapa Bwera, kwa kuuza vitenge na mafuta ya mawese.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Bwera kuanzia Februari 1997 hadi Desemba 2003, na Februari 2004 akaingia sekondari ya bweni Kasese, na huko ndiko lilikotokea jambo lililomfanya awe mtu mliyemjua. Mwezi wa sita nilimfungia kifurushi, suruali mpya, karanga za kusaga kwenye kopo, na sabuni, nikampa Swalik, dereva wa lori, Mwislamu mwaminifu, yule pale, Swalik simama wakuone, nikamwambia apeleke Kasese ampe Kule. Swalik akafika stendi, akamkuta kijana wa shule amesimama, akamuuliza, "Weye njo Kule?" kijana akasema, "Njo miye," akamuuliza tena, "Mukaka yako njo ule wa vitenge, wa Bwera?" kijana akasema, "Njo ule," na wala hakudanganya, maana alikuwa Kule kweli, na yeye pia alikuwa na mukaka anayeuza vitenge Bwera, na yeye pia alikuwa akingoja kifurushi! Wangu akafika stendi, lori limeshaondoka, akarudi bwenini na suruali yake ile ile yenye kiraka.

Jumapili yake yule Kule mwingine alikuja mwenyewe shuleni, amevaa suruali, ameshika kopo tupu, akasema, "Ndugu, karanga nilikula, suruali njo hii, lakini nilipoona sabuni nikajua kosa liko, mukaka wangu hajawahi kunitumia sabuni." Wakacheka mpaka mwalimu akatoka nje, wakawa marafiki tangu siku hiyo, na suruali akaambiwa abaki nayo.

Likizo ilipofika Kule alichukua kitenge changu kimoja chenye ua kubwa jekundu, akakata lile ua katikati, kwa mpindo wa mkasi aliojitungia, akanipa nusu na nusu akabaki nayo. Akamwambia Swalik, "Baba Swalik, usimupe mutu kitu juu ya jina, jina letu liko kwa kila nyumba, mukaka atafungia nusu yake juu ya kifurushi, na weye umupe ule ambaye ua lake linaungana." Swalik alilalamika, "Mutoto huyu ananifanya askari wa mpaka," lakini alifanya, na mpaka Kule anamaliza sekondari mwaka 2009 hakuna kifurushi kilichopotea tena.

Baada ya hapo alisomea mambo ya kompyuta chuo kikuu Mbarara, kuanzia Agosti 2010 hadi 2013, na tarehe 3 Februari 2014 akafungua duka la kutengeneza simu na kompyuta mjini Kasese pamoja na Hamidah, binti yake Swalik, ambaye alisomea kazi hiyo hiyo. Humo dukani ndimo walimoanzisha maktaba, na mimi nilipoambiwa maktaba nilikwenda Kasese nikitafuta vitabu, nikaambiwa, "Mukaka, maktaba yetu ni maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine, mwenye kutengeneza programu yake anachukua ya kwetu bure anaipachika ndani ya yake." Kazi ya maktaba hiyo ni moja, mashine mbili ambazo hazijawahi kuonana zinaposalimiana kupitia mtandao, kila moja inamwomba mwenzake nusu ya kitambaa, ua likiungana zinakubaliana kufuli la siku hiyo, na kuanzia hapo yeyote anayesimama katikati kutega sikio anasikia makelele tu. Waliipa jina Kipande.

Nilimuuliza, kwa nini umeiacha wazi kila mtu aisome, mwizi naye si atasoma? akanijibu, "Mukaka, siri iko kwenye ufunguo, haiko kwenye kufuli, kufuli waliangalie wote, mwenye kuona ufa aniambie." Na waliangalia kweli, watu wa nchi ambazo siwezi kutamka majina yake, wengine wakatuma masahihisho, na Kipande kikaingia kwenye zahanati, kwenye vyama vya wakulima wa kahawa huko Bwesumbu, kwa mawakala wa pesa za simu hapa mpakani, mpaka mbali sana.

Alifunga ndoa na Blandine, binti wa Beni, tarehe 10 Desemba 2016, katika parokia yetu. Mnakumbuka siku ya kumtoa bibi arusi, mashangazi walileta wasichana wamefunikwa gubigubi, wakamtania, "Haya, mwenye akili za mashine, mke wako ni nani?" naye hakubahatisha, alisema, "Aonyeshe kipande," na kutoka chini ya shuka moja ukatoka mkono wa Blandine na kitambaa alichopewa na Kule mapema, mashangazi wakapiga kelele kwamba wameibiwa mchezo wao. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Alliance, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2018, huyu aliyekaa miguuni kwangu.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022, akatibiwa Mbarara, akawa anakwenda kusafishwa damu na kurudi, kompyuta iko mapajani, na Julai mwaka huu madaktari walipotuambia tujiandae, alijiandaa kwa namna yake. Sahihisho lolote la Kipande linakubaliwa na ulimwengu likiwa na muhuri wake tu, na muhuri huo alikuwa nao peke yake, basi akaugawa sehemu mbili ambazo moja bila nyingine haifanyi kitu, kila sehemu ndani ya kadi ndogo kama ya simu, akazishonea kwenye zile nusu za ua letu la zamani, nusu akampa Hamidah, nusu akanipa mimi.

Tarehe 4 Agosti msomaji mmoja wa mbali aliandika kwamba ameona ufa, kuna njia moja ya kusalimia ambayo ukiijua, Kipande kinaangalia jina lako tu, likiwa sawa kinakupitisha bila kuunganisha ua. Kule alicheka kitandani mpaka akakohoa, "Mukaka, ni Swalik! Mashine yangu imefanya kama Swalik!" kisha akaacha kucheka, maana safari hii si karanga, ni siri za wagonjwa na jasho la watu. Yeye na Hamidah waliandika sahihisho, wakalimaliza Jumatano, wakapanga kulipiga muhuri kesho yake, na Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa sita mchana, hapa nyumbani, Kule alituacha.

Jana Ijumaa Hamidah alinijia akiwa na macho mekundu, akisema habari ya ufa imeanza kuvuja, anayejua atapita leo. Lakini kwetu maiti ikiwa ndani jembe haliinuliwi, na kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya udongo, na mwanangu Kataliko alisimama mlangoni, "Mama, mutoto wangu iko sebuleni, nanyi munataka kufungua vitu vyake?" Hamidah akasema, "Baba, mlango uko wazi," akamjibu, "Ubaki wazi, tuzike kwanza." Wazee wakaitikia, na mimi nilijua wana haki, na nilijua pia kwamba kazi yote ya mjukuu wangu inaweza kuharibika kabla hatujamfukia. Nikamuuliza mwanangu, "Kataliko, wale vijana nyuma ya nyumba wameshika nini?" akasema, "Majembe." Nikamuuliza, "Nani amewakataza?" akasema, "Nani awakataze, wanamchimbia Kule." Nikasema, "Na Hamidah anamchimbia Kule."

Kataliko akaingia chumbani mwenyewe, akatoka na mashine ya mwanawe mikononi kama mtu anayebeba mtoto, akaiweka mezani, akamvutia Hamidah kiti. Tukatandika vile vitambaa, nikamwita Swalik aangalie, akavaa miwani, akasogeza mpindo kwa mpindo, akasema, "Leo siulizi jina," ua likaungana. Hamidah alitoa kadi, akapiga muhuri, akatuma, kisha akatuonyesha kitu ambacho sitakisahau, alitengeneza mashine ya uongo yenye jina la kweli, Kipande cha zamani kikaipitisha bila kuuliza, kilichosahihishwa kikaiambia hapana! Akajaribu tena, hapana! Wanawake tukapiga vigelegele, ndiyo, katika nyumba ya msiba, maiti ikiwa pale pale, na Kataliko hakutunyamazisha. Majibu yakaanza kuingia, Hamidah akitusomea, muhuri ni wa kweli, tumebadilisha, poleni, asanteni, na mpaka asubuhi hii bado yanaingia. Hiyo ndiyo habari yangu, mlango umefungwa, na umefungwa kwa mkono wa Kule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara na wa hapa Bwera, majirani mliolala nasi chini, parokia, ndugu zetu Waislamu wa Kasese mlioleta mchele na lori, na wale wenzake wa mbali ambao hawakuwahi kuuona uso wake.

Kataliko ametaka mjue tangu sasa vitu vya marehemu vitakavyogawiwa tukirudi kutoka kaburini. Nyumba na shamba la kahawa ni vya Blandine na Alliance. Maktaba haina mwenyewe, aliiacha ya wote, ila kuitunza ni kwa Hamidah, na nusu yangu ya muhuri inahamia kwa Blandine, mimi nimeshazeeka. Kitambaa kitashonwa tena kizima, kiwe cha Alliance. Koti la marehemu ni la baba yake, Kataliko.

Na suruali zake zote apewe Kule, yule mwingine, ambaye amechimba kaburi tangu jana na udongo bado uko kwenye magoti yake, simama, mwanangu, usilie, safari hii hazikupotea njia, ni zako.

Nawe Kule wangu, lala, tumeshafunga.